Lumbesa ya Maandishi

Namba 7,089 imewaponza wengi. Muulize mtu anayejuajua habari za msimbo wa QR, ule mchoro wa viraba vyeusi na vyeupe unaoonekana siku hizi kwenye risiti za EFD, vibao vya malipo na kadi za harusi, naye atakutajia uwezo wake bila kusita: tarakimu 7,089, au herufi kubwa zikichanganywa na tarakimu, 4,296, au baiti 2,953 za maandishi ya kawaida. Hajakosea. Vipimo hivyo vimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 18004. Kosa huanza pale mtu anapovichukua kama ruhusa, akaanza kujaza, bila kuuliza msimbo huo utachapwa kwa ukubwa gani, utabandikwa juu ya nini, na utasomwa kwa simu ya nani.

Nitalieleza hilo kwa kisa. Kijana nitakayemsimulia ni wa kutunga, lakini vipimo anavyokutana navyo ni vya kweli, na yeyote mwenye rula na kikokotoo anaweza kuvihakiki.

Kijana huyo yuko Ilula, wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, mji ambao msafiri wa barabara kuu ya Mbeya huutambua kwa matenga ya nyanya kando ya lami. Amemaliza stashahada ya kompyuta, ajira haijapatikana, na kwa sasa anamsaidia mjomba wake kwenye kitalu cha miche. Wanauza miche ya nyanya kwenye trei, na mteja huondoka nayo kwa bodaboda hadi bondeni. Kinachomsumbua mjomba ni simu za baadaye. Mche umenyauka. Majani yana madoa. Mbolea ya kukuzia naweka lini? Maelekezo hutolewa kwa mdomo wakati wa kuuza, lakini mtu aliyekumbatia trei mbili huku bodaboda inamngoja hashiki hata nusu yake.

"Mjomba," akasema kijana, "tubandike msimbo wa QR kwenye kila trei. Mtu akiskani tu, maelekezo yote haya hapa."

"Na huko bondeni mtandao atautoa wapi? Wengine hawana bando hata la shilingi mia tano."

"Hauhitaji bando, mjomba. Maandishi yenyewe yanakaa ndani ya msimbo."

Hapo kijana alikuwa sahihi kabisa, na ninalisisitiza kwa sababu wengi hawalijui. Msimbo wa QR hauna lazima ya kumpeleka mtu kwenye tovuti. Unaweza kubeba maandishi yenyewe, herufi kwa herufi, na simu ikayasoma kwa kamera na hesabu zake za ndani bila kugusa intaneti. Kwa mtu anayehesabu kila megabaiti, hiyo ni heri kubwa. Ninalitetea wazo la kijana huyu kuliko mawazo mengi ya watu wa mjini wanaodhani kila mkulima yuko hewani saa zote.

Akaketi na laptop, akaandika kila alichokijua. Nafasi kati ya mche na mche, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, kusimika miti, kupunguza vichipukizi, dalili za ugonjwa wa bakajani, namna ya kupambana na mdudu kantangaze, siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna, mwishoni shukrani za kitalu. Programu ikamkatalia: maandishi ni marefu mno. Akafuta shukrani. Akabana sentensi. Bado. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba hesabu ya herufi kwenye faili lake na hesabu ya programu hazikulingana. Ya programu ilikuwa juu.

Mchawi alikuwa apostrofi. Programu za kuandikia hupenda kuigeuza alama ya kawaida kuwa ile iliyopinda, na katika mfumo wa UTF-8 unaotumiwa na kompyuta nyingi leo, alama iliyonyooka hula baiti moja, iliyopinda hula tatu. Samadi ya ng'ombe, ng'oa magugu, ng'atwa na wadudu: kila ng' ilikuwa inakula baiti mbili za bure. Herufi nyingine za Kiswahili hazina shida hiyo, kwa kuwa tunaandika kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu, na kila moja ni baiti moja. Kiswahili kile kile kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokiandika wazee wetu wa pwani, kila herufi ingekula baiti mbili, na uwezo wa msimbo ungepungua karibu nusu.

Akazinyoosha apostrofi zote, akabana tena, akafika baiti 2,900. Programu ikakubali. Ukatokea msimbo wa ukubwa namba 40, ambao ndio mkubwa kuliko yote: viraba 177 kwenda kulia na 177 kwenda chini. Aliukuza ukajaa kioo cha laptop, upana wa sentimita 19 hivi, akaelekeza simu yake, na maelekezo yakamwagika yote. Mjomba akaitwa, majirani wakaitwa, kila mmoja akaskani, kila mmoja akasifu.

Kesho yake kijana alikwenda stesheneri akachapisha roli nzima ya stika za sentimita 3 kwa 3. Msimbo ule ule, kwa karatasi. Zikabandikwa kwenye trei zote, na trei zikauzwa.

Mama mmoja alinunua trei mbili. Ana simu ya tachi ya bei nafuu, kioo kimepata ufa, kamera imechubuka kwa kukaa mfukoni na funguo. Siku ya kupandikiza alimwita mwanawe wa darasa la sita, wakaanza kuhangaika na ile stika. Wakiisogeza simu karibu, picha inafifia. Wakiirudisha nyuma, msimbo unageuka kuwa doa la kijivu. Mtoto akawasha tochi, stika ikang'aa kuliko kusomeka. Wakaacha.

Miche ikapandwa kwa kumbukumbu. Siku ya mbolea ya kukuzia ilipofika, mama alikumbuka kizibo kimoja cha soda kwa kila mche, na hapo alikumbuka vyema. Ambacho hakukumbuka ni kwamba mbolea iwekwe mbali na shina, sentimita 10 hivi, kisha ifukiwe. Yeye aliimwaga shinani, akitaka mmea uipate upesi. Mbolea ya chumvichumvi iliyojaa mahali pamoja huzuia mizizi kuvuta maji, na ikizidi huyanyonya hata yaliyomo ndani ya mizizi. Majani yakakauka kingo, miche ikalala.

Alirudi kitaluni na trei tupu, stika bado imeshika.

"Mwanangu," akamwambia kijana bila hasira, "hiki kibandiko chako kimetushinda. Ungeandika tu, mbolea isiguse shina, ningesoma. Kusoma najua."

Ninaona uzito wote wa jambo hili umo katika maneno ya mama huyo. Kijana alikuwa na taarifa moja iliyohitajika kuliko zote, akaizika katikati ya baiti 2,900 ambazo hazikusomeka hata moja. Maandishi yakikatika katikati, mtu husoma yaliyobaki. Msimbo wa QR hauna nusu: ukishindwa, umeshindwa wote, na sentensi ya maana hupotea pamoja na zile za kujazia.

Kijana alirudi stesheneri na stika yake mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Zimekwisha mara hii?"

"Hazisomeki, dada. Na kwenye laptop ilisoma vizuri kabisa."

"Na stika yenyewe, uliijaribu kabla hujachapa roli?"

Hakuwa na jibu. Yule dada akachukua kioo cha kukuzia, akamwekea stika chini ya taa, akamwambia atazame.

Alichokiona kinastahili kuelezwa taratibu. Printa nyingi za stika zinazotumia joto huchapa nukta 203 kwa inchi, yaani nukta 8 kwa kila milimita. Sentimita 3 ni nukta 240. Msimbo wa kijana ulikuwa na viraba 177, na kila msimbo wa QR unatakiwa kuzungukwa na ukingo mweupe wa viraba 4 kila upande, ili simu ijue msimbo unaanzia wapi. Jumla 185. Sasa gawanya nukta 240 kwa viraba 185: kila kiraba kinadai nukta 1.3. Printa haina sehemu ya nukta. Inachapa nukta moja au mbili. Kwa hiyo viraba vya safu 130 vilipewa nukta moja moja, na vya safu 55 zilizobaki vikapewa mbili mbili, vikawa vinene maradufu ya majirani zao. Msimbo unaosomwa kwa kupima nani mweusi na nani mweupe katika gridi iliyo sawa ulikuwa umechapwa juu ya gridi isiyo sawa. Juu ya hayo, joto la printa husambaa kidogo, weusi ukavuka mpaka na kumeza weupe wa jirani. Chini ya kioo kile kijana hakuona viraba tena; aliona weusi uliokunjamana.

Upande wa simu nao una hesabu yake. Watu hutazama tangazo la kamera, megapikseli nane, kumi na mbili, wakadhani kila pikseli inafanya kazi wakati wa kuskani. Mara nyingi programu ya kuskani haipigi picha kubwa. Inasoma fremu za video zinazopita kioo, na fremu hizo zinaweza kuwa na upana wa pikseli 720 tu. Msimbo ukichukua nusu ya upana huo, una pikseli 360 za kugawana viraba 185, chini ya mbili kwa kila kiraba. Hapo mkono ukitetemeka kidogo, nyeusi na nyeupe zinachanganyika kuwa kijivu. Na ukisogea karibu ili msimbo ujae, lenzi za simu nafuu hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana. Mama na mwanawe walikuwa wamebanwa katikati ya mipaka hiyo miwili, na hakuna umbali wowote ambao ungewaokoa.

Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua lumbesa: gunia linalojazwa hadi pomoni, kisha likaongezewa kilemba juu na kufumwa kwa kamba. Gunia linapokea. Anayeumia ni mkulima anayelipwa bei ya gunia moja, na kuli anayelibeba. Msimbo wa ukubwa namba 40 kwenye stika ya sentimita 3 ni lumbesa ya maandishi. Programu ya kutengeneza inapokea, haionyi, haiulizi utachapa wapi. Mzigo wote anashushiwa mtu wa mwisho, mwenye kamera iliyochubuka.

Kuna jingine ambalo kijana alilifanya bila kujua. Ili maandishi yake yaenee, programu ilimchagulia kiwango cha chini kabisa cha kujisahihisha. Msimbo wa QR una akiba ndani yake, hesabu za ziada zinazouwezesha kujijaza pale ulipochafuka au kuchanika. Hesabu hizo walizichapisha wanahisabati wawili wa Marekani, Irving Reed na Gustave Solomon, mwaka 1960, na ndizo zilizowezesha diski za CD kupiga muziki hata zikiwa na mikwaruzo. Katika QR ziko kwa viwango vinne: L hurejesha takribani asilimia 7 ya data iliyoharibika, M asilimia 15, Q asilimia 25, H asilimia 30. Akiba hiyo hailetwi bure. Inakata nafasi ya maandishi. Msimbo ule ule wa ukubwa namba 40 unaobeba baiti 2,953 kwa kiwango L hubeba 1,273 tu kwa kiwango H. Zaidi ya nusu imekwenda kwenye akiba. Na kama kuna mahali panapohitaji akiba ni kitaluni, penye tope, maji ya kumwagilia na kucha za watoto. Kijana alipeleka huko msimbo wenye akiba ndogo kuliko yote. Hata hivyo nisieleweke vibaya: akiba haimsaidii mtu asiyeona viraba kabisa. Asilimia 30 ni kwa ajili ya doa na mkwaruzo. Stika ambayo gridi yake yote imevurugika haina cha kurejeshwa. Na ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni ikifutika, simu inaweza isijue hata kwamba pana msimbo.

Ukitazama ulikotoka msimbo huu, utaelewa kwa nini mambo yalikuwa hivyo. Kabla haujatoka mwaka 1994, huko Japani, Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso, watengenezaji wa vipuri vya magari, walikuwa na tatizo la bakodi za mistari zilizobeba herufi 20 hivi tu; sanduku moja la vipuri lilihitaji bakodi kadhaa, na mfanyakazi akachoka kuzipitia moja moja. Walichokitafuta ni wepesi. Hara alipekua magazeti, vipeperushi na maandishi ya kwenye maboksi ili kupata mpangilio wa weusi na weupe ambao ni nadra kuonekana kwenye karatasi nyingine, akaupata katika uwiano wa 1:1:3:1:1, na ndio uliomo kwenye ile miraba mitatu ya pembeni hadi leo. Aina ya kwanza ya msimbo huo iliishia viraba 73 kila upande, na tarakimu 1,167. Zile 7,089 zilikuja baadaye, aina ya pili ilipopanuliwa kuwa na saizi 40, kuanzia viraba 21 hadi 177, kila saizi ikizidi iliyotangulia kwa viraba 4. Kiwandani walikuwa na mashine maalumu za kusomea na lebo zilizochapwa kwa uangalifu. Shamba la Ilula halina hata kimoja kati ya hivyo.

Yule dada wa stesheneri alikuwa na desturi yake, na ni desturi nzuri. Alimuuliza kijana swali moja: "Mtu akisoma sentensi moja tu kwenye trei hii, asome ipi?"

Kijana akajibu papo hapo, kwa sababu miche iliyolala bado alikuwa anaiona. Wakaanzia hapo. Sentensi ile ikaandikwa kwa maandishi ya kawaida, juu ya stika, kwa herufi nene: MBOLEA KIZIBO 1, SENTIMITA 10 KUTOKA SHINANI. Haihitaji kamera. Anaisoma mwenye simu ya tachi, mwenye kiswaswadu na asiye na simu.

Chini yake ukawekwa msimbo wenye mambo mengine matatu ya lazima, baiti 200 tu, kwa kiwango M. Huo ni ukubwa namba 10: viraba 57, pamoja na ukingo 65. Kwa printa ile ile ya nukta 8 kwa milimita, dada aliamua kila kiraba kipate nukta 3 kamili, isipungue wala isizidi. Mara 65 ni nukta 195, ambazo ni milimita 24 na nusu hivi. Stika ikabaki na nafasi ya sentensi ya juu. Kiraba kilichokuwa na nukta 1.3 sasa kina 3, na zote ni sawa. Mtu akiniuliza msimbo wa QR unabeba kiasi gani kwa vitendo, kwenye lebo ya ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, jibu langu ni hilo: baiti mia moja hadi mia mbili, yaani sentensi mbili tatu. Kwenye bango la ukutani unaweza kwenda mbali zaidi, maana kiraba kinakuwa kikubwa, lakini hata hapo kumbuka kwamba simu nyingi, zikishasoma maandishi marefu, huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, au humwambia mtu ayatafute kwenye intaneti kana kwamba ni swali. Usomaji unaweza kufaulu na msomaji asipate kitu.

Yale maelekezo mengine, yale ya bakajani na kantangaze? Baiti 2,900 ni zaidi kidogo ya maneno 400 ya Kiswahili. Ukurasa mmoja wa A4. Waliuchapa, wakautoa fotokopi, kila mteja akaondoka na wake.

Kijana aliuliza pia habari ya kiungo. Kwa nini wasiweke anwani fupi ya tovuti, na maelekezo yote yakae huko, pamoja na picha? Ni njia nzuri penye mtandao, na ndiyo njia pekee kwa picha, kwa kuwa picha moja ya kilobaiti 100 ingehitaji zaidi ya misimbo 30 ya ukubwa namba 40. Anwani ya herufi 40 inaenea kwenye ukubwa namba 3, viraba 29 tu, na kwenye stika ya sentimita 3 kila kiraba kingepata nukta 6. Simu yoyote ingeisoma. Ila kiungo kina hatari yake, na kampuni kubwa imewahi kuingia humo. Mwaka 2015 nchini Ujerumani mteja aliskani msimbo kwenye chupa ya kechapu ya Heinz, akajikuta kwenye tovuti ya ngono. Anwani ile ilitumika kwa shindano lililomalizika mwaka 2014. Usajili wake ukaachwa ukaisha, mtu mwingine akauchukua, huku chupa zikiwa bado kwenye friji za watu. Heinz iliomba radhi. Na hapa kwetu wako wengi wanaotengeneza misimbo kwa tovuti za bure zinazopitisha kila msomaji kwenye anwani yao kwanza. Siku tovuti hiyo inapodai malipo au kufungwa, kila stika iliyochapwa imekufa, na aliyeichapa hana habari. Kwa hiyo ukiweka kiungo, kiwe cha anwani unayoimiliki, na uwe tayari kuilipia kwa muda wote ambao stika zako zitakuwa mikononi mwa watu.

Wenye kazi nzito wameshalijua jambo hili la kubana. Msimbo kwenye risiti ya EFD ya Mamlaka ya Mapato (TRA) hauna orodha ya ulichonunua. Una anwani ya kuhakikia, risiti yenyewe imo kwenye hifadhi ya Mamlaka. Misimbo ya malipo ya TANQR hapa Tanzania na KE-QR nchini Kenya hubeba utambulisho wa mfanyabiashara na machache ya muamala, basi. Na wakati wa Uviko, Umoja wa Ulaya ulipotaka cheti cha chanjo kinachoweza kuhakikiwa mpakani bila kupiga simu popote, wataalamu wake hawakuandika maelezo marefu. Walitumia vifupisho na namba. Chanjo ya Pfizer iliandikwa EU/1/20/1528. Kisha data ikatiwa sahihi ya kidijitali, ikakandamizwa, na kugeuzwa kuwa herufi kubwa, tarakimu na alama chache tu, kwa sababu msimbo wa QR una utaratibu maalumu wa kuhifadhi mkusanyiko huo wa alama 45 kwa nafasi ndogo kuliko maandishi ya kawaida. Kuanzia Julai 2021 cheti hicho kilisomwa kwenye vioo vya simu na kwenye karatasi zilizokunjwa mifukoni. Kazi yote ile ya ubanaji ilifanywa ili viraba viwe vichache na vikubwa, na mtu aliyesimama kwenye foleni apite.

Ndugu msomaji, huenda wewe huuzi miche. Labda uko kwenye kamati ya msikiti au kanisa, labda una duka la dawa, labda umepewa kazi ya kutengeneza lebo za ushirika au vitambulisho vya shule. Mtu mwenye simu mbovu atakapokwama, hatakupigia. Atakisia, kama alivyokisia yule mama. Basi kabla hujalipia roli, chapa stika moja tu, kwa ukubwa ule ule na printa ile ile. Ibandike mahali itakapokaa, iache ilowe na kukauka. Kisha mpe mzazi wako aisome kwa simu iliyochakaa kuliko zote nyumbani, nawe usimshike mkono wala usimwelekeze. Ikimshinda, punguza maandishi. Na lile neno ambalo mtu akilikosa ataumia, liandike nje ya msimbo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazoonekana.